Kabla Filimbi Haijanyamaza

Mdogo wangu mpendwa,

Kwanza salamu, kama Mama alivyotuzoesha: hata nyumba ikiwaka moto, mtu alisalimiwa kabla ya kuambiwa akimbie. U hali gani? Kile kikohozi cha vumbi la jiwe la kunolea kimekuacha? Kila nikiwaza unavyoinama kutwa juu ya jiwe lile, unanoa visu vya wachinjaji na mikasi ya mafundi cherehani, huku ukikandamiza kwa mkono wako mbovu, kifua changu nacho hubana. Mimi nipo, ila kwa kusukumwa. Daktari anasema moyo umechoka na maji yamepanda mapafuni. Nilipomuuliza kama nitafika mwisho wa mwaka, alianza kunieleza habari za kupunguza chumvi, nikaelewa.

Aliyekuletea barua hii mkaribishe ndani umpe kiti. Ni mtu mzima, miguu yake huvimba akisimama sana, na hataondoka bila jibu. Najua tabia yako ya kupokea kitu mlangoni kisha ukamfungia mtu nje kama umepokea gazeti. Leo nistahi mimi mkubwa wako. Mpe kiti, umpe na maji, ndipo uendelee kusoma.

Na hilo doa la kahawia pembeni mwa ukurasa lisikutie hofu. Ni damu ya mdomo wangu. Nitakueleza lilivyokuja, ila nipe nafasi nifike.

Habari kubwa ya huku umeshaisikia kwenye simu: vijana wanaupiga tena ule utunzi wangu wa watu sita, Jumamosi hii. Uliniambia utakuja. Nilifurahi kama mtoto, kisha ukaongeza maneno yaliyonikausha mate. Ulisema ukimwona mke wa Radi ukumbini utasimama mbele yake, watu wote wasikie, umwambie alilala kitanda kimoja na mnyama gani. Ulisema neno hilo umelibeba tangu ulipotoka gerezani na huna nia ya kuzikwa nalo. Ndiyo maana naandika leo, kwa mkono wangu, kwa penseli, maana kalamu ya wino inaniponyoka. Ukifika ukumbini kabla ya kuisoma barua hii, utamjeruhi mtu kwa mara nyingine bila kujua unachokifanya.

Mengine unayajua, lakini niache niyapitie, kwa sababu nikianzia katikati nitayakimbia yale yanayonihusu.

Tulikuwa watano: filimbi, klarineti, fidla, selo na piano. Watunzi wa muziki wetu huu mpya waliipenda hesabu hiyo kwa kuwa kila chombo kina sauti yake na hakuna kinachofanana na kingine. Katika okestra kubwa mpiga fidla akiteleza wapo wenzake wa kumfunika, kama mtu aliyejikwaa kwenye umati. Kwenye kundi la watano, ukikosea umekosea ukiwa uchi. Tena kila mmoja alibeba kazi ya wawili. Mwenye filimbi aliiweka chini akashika ile ndogo inayotoboa masikio, na Domo, mpiga klarineti wetu, alibadilisha akachukua ile kubwa ya besi, iliyopinda kama kiko cha babu. Wewe ulikaa na selo katikati ya magoti ukitushikilia wote kutoka chini. Domo alikuwa akisema sisi wengine ni nguo na wewe ndiye kamba; ukikatika tu, wote matopeni.

Selo hiyo ulifunzwa kwa kipigo. Unakumbuka chumba cha mbele, mapazia yamefungwa ili majirani wasione, na Baba amesimama nyuma ya kiti chako na rula ya chuma. Noti ikipinda kidogo tu, rula ilishuka kwenye vidole. Mimi hakunigusa; alisema nitapata wangu wa kunipiga nikiolewa, akacheka peke yake. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye piano na kukufuatisha. Siku moja ngozi ya kidole chako ilipasuka, damu ikachuruzika kwenye shingo ya selo mpaka kwenye magoti yako, naye akasema endelea. Ukaendelea.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa barua yangu, na sijawahi kumwambia mtu. Siku za kipigo ulipiga vizuri kuliko siku nyingine zote. Uta wa kusugulia ulitetemeka kidogo juu ya waya, sauti ikatoka nyembamba, kavu, kama ya mtu aliyejificha chini ya kitanda akibana pumzi huku viatu vinapita. Sijapata kuisikia sauti hiyo mahali pengine, na nimesikiliza muziki maisha yangu yote. Baba alipokufa, ilikufa naye. Ulianza kupiga kama mtu aliyeshiba. Watu walikusifu na mimi nikakusifu. Lakini moyoni, Mungu anisamehe, nilikuwa bado naisubiri ile nyingine.

Kisha akaja Radi. Aliletwa na mkewe, mwenye filimbi wetu, kwa sababu nilikuwa nimesema utunzi wangu mpya unataka vyuma na ngoma. Unamkumbuka alivyoingia, kifua mbele, ameubeba ule mzigo wa matoazi na masufuria na springi za gari kama muuza vyuma chakavu, akamuuliza Domo kama hapa ndipo kwenye msiba. Domo alimjibu kwamba msiba bado, alikuwa anasubiriwa marehemu. Wote tulicheka. Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi kuliko ninavyotaka.

Wewe ulimkataa tangu siku ya kwanza, na haukuwa wivu kama walivyodhani. Ulikuwa na hoja. Ulinieleza kwamba selo, mkono wa kushoto wa piano na ngoma kubwa vyote vinagombea chumba kimoja cha chini, na chumba hicho hakina madirisha. Ukiingiza wa tatu, mmoja atakufa kwa kukosa hewa. Ulikuwa sahihi kabisa. Nilikuambia nitawapangia zamu. Sikuwapangia. Niliwaacha mgombane, kwa sababu mlipogombana selo yako ilianza kunguruma kidogo, na mimi nilikuwa nimetega sikio.

Mkagombana kweli. Yeye alikuita Bwana Mswaki kwa jinsi unavyosugua. Wewe ukamwita fundi bati. Siku ile ulipotoboa ngoma yake kwa kisu cha kuchongea penseli, mbele ya mkewe, alikushika ukosi akakukandamiza kwenye ukuta wa ngazi mpaka miguu ikaning'inia. Kesho yake aliuchukua uta wako akauvunja juu ya goti lake, vipande akakupa kwa adabu, kwa mikono miwili, kama mtu anayemrudishia mwenzake chenji. Ukampiga kichwa cha pua. Yule binti wa fidla alijifungia chooni akilia, na Domo akawa anafuta damu kwenye sakafu kwa soksi zake huku akiuliza kama kuna kundi lingine linalohitaji klarineti. Nawaambia watu kwamba niliwaamua. Kuamua niliamua, lakini nilichelewa kidogo kila mara.

Ndipo nikaiandika upya sehemu ya nne. Nilikunyang'anya selo. Nilifungua kifuniko cha piano nikakiondoa kabisa, nikakusimamisha ubavuni, mkono wako wa kushoto ndani, umelala juu ya nyaya nene za chini ili uzizime wakati mimi napiga. Ulinuna. Uliniambia nimekufanya kitambaa cha kufutia piano. Lakini ulikubali, kwa kuwa ni mimi, na kwa kuwa mlio uliotoka ulikuwa wa ajabu, kama mtu anayegonga mlango wa kaburi akiwa ndani.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Filimbi inashika noti moja ndefu mpaka pumzi imwishe mpigaji. Ikinyamaza, unatoa mkono. Mkono ukishatoka, natikisa kichwa, na Radi, aliyesimama kule mkiani mwa piano akiwa amenikazia macho, anashusha nyundo kwenye ule mhimili wa chuma unaopita kati ya nyaya. Nami nimekanyaga pedali, kwa hiyo nyaya zote zinaunguruma kwa pamoja. Filimbi, mkono, kichwa, nyundo. Tulifanya hivyo kila zoezi na hakuna aliyewahi kukosea. Kila mmoja alikuwa na karatasi ya sauti yake tu mbele yake. Aliyekuwa akiuona muziki mzima ni mmoja, mtunzi.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, jua limeingia kupitia madirisha marefu ya ule ukumbi wa shule, sakafu inanukia nta. Mlikuwa hamjasemeshana tangu mlipofika. Sehemu ya nne ilianza, mke wa Radi akavuta pumzi yake, akaishika noti. Nyundo ilishuka kabla filimbi haijanyamaza.

Sitakueleza wewe jinsi mkono unavyolia ukipondwa juu ya chuma. Niseme tu kilichofuata, kwa kuwa mahakamani kilisemwa vibaya. Uliutoa mkono ule, ukautazama, vidole viwili vikiwa vimegeukia upande usio wao na mfupa mweupe umechungulia. Hukupiga kelele tena. Uliinyanyua stendi ya noti ya chuma kwa mkono wa kulia, ukazunguka hadi mkiani mwa piano. Radi alikuwa ameiacha nyundo ianguke. Hakurudi nyuma. Aliinua mikono mitupu, akasema neno moja kwako, nawe ukampiga. Alipiga goti, akalisema tena, ukampiga tena, kwenye panja, kwa ule mguu wa stendi wenye pembe tatu. Mkewe alikuwa amekushika shati kwa nyuma, filimbi bado mkononi, akikupiga nayo mgongoni mpaka ikapinda. Ulikuwa humsikii. Uliendelea hata baada ya uso ule kuacha kuwa uso. Domo ndiye aliyekuangusha. Radi alifia pale pale sakafuni, na damu yake ilikwenda polepole kwenye nta, kama inayotafuta njia ya mlango.

Neno alilokuambia ni hili: mwulize dada yako.

Ulilieleza mahakamani kwa uchungu. Ulisema amekuvunja mkono, kisha badala ya kuomba msamaha anakukejeli kama mtoto, nenda kaseme kwa dada. Mwendesha mashtaka akanigeukia mimi, akaniuliza kama najua marehemu alikuwa na maana gani. Nilijibu kwamba sijui. Nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba marehemu alikuwa mtu wa kejeli siku zote. Uliinua kichwa kizimbani ukanitazama kwa shukrani, bandeji yako imechafuka, na mimi nikakupa tabasamu la kukutia moyo. Radi akaonekana katili, hakimu akasema ulichokozwa kupita kiasi, kifungo chako kikapungua. Kwa miaka yote hii nimejiambia kwamba nilidanganya ili kukuokoa wewe.

Sasa habari za juzi, ndipo nimalizie.

Nilikuficha jambo moja kwenye simu. Tangu nilipotoka hospitalini, anayenitunza ni mke wa Radi. Alisikia naumwa, akaja na begi dogo, akasema mimi ndiye niliyemuandikia noti nzuri kuliko wote na hawezi kuniacha nioze peke yangu. Ananiogesha. Ananigeuza kitandani ili mgongo usichubuke, kwa mikono yenye nguvu ambayo hukuitarajia kwa bibi wa umri wake. Filimbi hakuishika tena tangu siku ile. Amefundisha watoto wa shule hesabu mpaka akastaafu.

Wale vijana walikuja kufanyia zoezi sebuleni kwangu, kwenye piano yangu, ili niwasikilize. Sita, vyombo vile vile. Anayepiga ngoma na vyuma ni mama mmoja mwenye mabega ya bondia, mcheshi, ameacha wanawe kwa bibi yao ili aje kugonga piano yangu. Mlango wa chumba changu ulikuwa wazi, nami nimeegeshwa kwenye mito. Walipofika sehemu ya nne mama huyo aliniita kwa sauti, Bibi, samahani, nimesikia habari nyingi za hapa na sitaki kumkata mtu vidole, hivi nyundo yangu inaingia filimbi ikishanyamaza au kabla?

Kabla sijajibu, alijibu mke wa Radi, aliyekuwa akikunja shuka zangu. Alisema baada. Siku zote ilikuwa baada. Kisha nikamwona anageuka kunitazama, shuka mikononi. Alinisubiri mpaka vijana walipoondoka. Akaketi pembeni ya kitanda akaniambia kwamba kuna jambo limemla maisha yake yote. Siku ile pumzi yake ilikuwa haijaisha. Alikuwa na akiba bado, anakumbuka kifua chake kilivyokuwa, na mumewe alimsikia, kwa maana alikuwa akimsikia hata anapopumua usingizini. Kwa hiyo alijua mkono wako uko ndani. Alipiga kwa makusudi. Aliniambia amemlilia mume huku akimwonea haya, hajawahi kuweka picha yake ukutani, na kila akikutana na watu wa muziki huinamisha kichwa kama mke wa mwizi. Akaniuliza mimi, niliyekuwa nikiuona muziki mzima, kama nadhani mumewe alikuwa mtu mbaya.

Mdogo wangu, nilimwambia yeye kwanza. Sasa nakuambia wewe.

Asubuhi ile nilimfuata Radi nje, mlangoni, kabla ya zoezi. Nilimwambia nimebadilisha. Asisubiri filimbi inyamaze. Apige ikiwa bado inalia, nitakapotikisa kichwa tu. Alishtuka. Aliniuliza, na mkono wa yule bwana je? Alikuita hivyo, yule bwana, na aliuliza kwa wasiwasi. Hakuwa na shari asubuhi ile. Nilimjibu kwamba nimeshakueleza, utakuwa umeshautoa. Akasema sawa, dada, wewe ndiye mwenye muziki.

Sikukueleza. Sikuwa na nia ya kukueleza. Nilitaka nyundo ishuke kando ya mkono wako, upana wa kiganja, na wewe hujui. Nilitaka ushtuke, halafu urudi kwenye selo kwa ile sehemu ya mwisho ukiwa na vidole vinavyotetemeka, uipige kama ulivyokuwa ukipiga Baba akiwa nyuma ya kiti. Nilitaka kuisikia tena sauti ile mara moja kabla sijazeeka. Ndiyo sababu yote. Hakuna nyingine iliyo nzuri zaidi, nimeitafuta.

Na hapa ndipo pa kufa napo. Siku ile sauti ya nyaya ilikuwa inachafuka, nami nilikuwa nimekuambia ukaze. Ukakaza. Ulisogeza mkono ukauegemeza kwenye mhimili wenyewe, vidole juu ya chuma, ili upate nguvu. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yako. Radi alikuwa ananitazama mimi usoni, kama alivyofundishwa. Hakuwa akitazama chini. Mkono wako niliuona. Niliuona umesogea, nikaona uko pale itakapoangukia nyundo, na filimbi ilikuwa bado inalia. Ningeweza kuinua mikono yangu kwenye piano na kila kitu kingesimama. Nilikuwa na muda. Pumzi ya mwenye filimbi ni shahidi kwamba nilikuwa na muda.

Nikatikisa kichwa.

Usiniulize kama nilitaka uumie. Nimejiuliza mpaka meno yameniisha. Ninachojua ni kwamba nyundo ilipotua, kabla hujapiga ukelele, kulipita sekunde moja ambayo nyaya zote ziliunguruma na mfupa wako ukiwa ndani yake, na katika sekunde hiyo niliwaza, hii ndiyo.

Ulipomwendea na stendi, yeye alikuwa anakuambia ukweli. Mwulize dada yako. Alilisema mara mbili, la pili akiwa amepiga goti, akinitazama mimi juu ya bega lako, ananisubiri niseme. Nami nilikaa kwenye kiti cha piano, mguu bado juu ya pedali. Ulimuua mtu aliyekuwa akinitii mimi.

Nilipomaliza kumweleza hayo mkewe, alisimama. Nilidhani anaondoka. Alinipiga kofi kwa mkono wote, kisha kwa mgongo wa mkono, na kwa kuwa dawa zangu huifanya damu iwe nyepesi, mdomo ulipasuka na ikawa haitaki kukoma, hata leo imedondokea ukurasa. Alishika mto. Aliushika kwa mikono miwili juu ya uso wangu, mdogo wangu, nikauona weupe wake unashuka, na nikafumba macho, na sikuwa na ugomvi naye. Alikaa hivyo muda mrefu. Halafu akaunyanyua, akautia foronya safi, akauweka chini ya kichwa changu. Siku ya pili aliniletea karatasi na penseli, akaniambia niandike yote, na nisiache pale nilipotikisa kichwa.

Nilitaka barua iende kwa posta. Alikataa. Alisema aliuona uso wako mara ya mwisho ukiwa juu ya mumewe, na ameuota miaka yote, na sasa anataka kuuona uso huo huo ukijua ulimpiga nani. Hakuniambia atafanya nini baada ya hapo. Hakuniambia kwamba atakusamehe, wala mimi sikuthubutu kumuomba. Hukumtambua kwa sababu kichwa chake kimekuwa cheupe chote na amenenepa, na kwa sababu siku zile wewe hukuwa ukimtazama yeye, ulikuwa ukimtazama Radi.

Kama umenistahi mwanzoni, basi amekaa mbele yako, maji yako mkononi, anakusoma usoni tangu ukurasa wa kwanza. Kama umemfungia nje, nenda ukafungue. Lakini weka kwanza chini chochote ulichokuwa unakinoa. Jibu nililosema anasubiri si langu. Mimi sina haki ya jibu. Ukitaka kuja kunimaliza, mlango uko wazi na mito ipo. Ukitaka nife bila kukuona, nitalielewa hilo pia. Yeye ndiye umjibu. Mwambie kwa kinywa chako mumewe alikuwa mtu gani, umelibeba neno hilo tangu gerezani. Sasa unalijua lilivyo.

Wapigaji wa Jumamosi nimewaambia nyundo iingie baada.

Nisalimie jirani yako fundi viatu, na yule mkewe anayekuletea supu. Uzibe pua na kitambaa unaponoa, nimekuwa nikikuambia. Hapa naikunja karatasi. Inua uso umtazame.

Ni mimi dada yako, niliyekaa kwenye piano.